Ukuta unalia, maji yametoka wapi? Kutafuta chanzo cha matatizo katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Bagamoyo

Mwaka ule lipu ya sebuleni kwetu ilianza kuvimba mwezi wa sita, masika yakiwa yamekwisha. Ilivimba kama ngozi iliyoungua, ukiigonga inatoa sauti ya debe tupu, kisha vipande vikaanza kudondoka nyuma ya kabati. Tukamwita fundi. Akabandua, akapiga lipu ya saruji, akapaka rangi ya mafuta, akalipwa, akaenda zake. Haikupita miezi minane uvimbe ukarudi, safari hii umepanda hadi usawa wa kifua, na lipu ilipoanguka iling'oka na nyama ya jiwe lenyewe.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa chokaa, mtu aliyezaliwa kwenye vichochoro hivi. Nilimlaki mlangoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ngazi iko wapi?"

Nikamwambia ukuta mbovu uko chini, sebuleni. Akasema, "Huo nimeshauona. Mimi nataka ngazi."

Akapanda juu ya bati letu, akavuka hadi la jirani, akakaa huko kama nusu saa. Aliposhuka alikuwa na kiota cha kunguru mkononi na mifuko miwili ya plastiki iliyooza. Kati ya paa letu na la jirani kuna gata moja, imelala juu kabisa ya ukuta tunaochangia. Kiota kilikuwa kimeiziba. Kila mvua ikinyesha maji yalifurika pale juu, yakaingia katikati ya ukuta na kushuka ndani kwa ndani hadi sebuleni kwetu. Fundi wa kwanza alikuwa ametibu kidonda kwa kukifunika.

Tangu siku hiyo, kwa miaka, nimekuwa nikimfuata mzee yule kwenye kazi zake nikibeba ndoo na kuuliza maswali. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya wenzangu wanaoishi au waliorithi nyumba za Barabara ya India na vichochoro vinavyoizunguka, na kwa yeyote mwenye nyumba ya aina hii kwingine pwani. Karibu kila ugonjwa wa nyumba hizi ni maji yaliyoingia mahali yakakosa njia ya kutoka. Na kwa kuwa zimeungana ubavu kwa ubavu, dalili huweza kuwa kwako na chanzo kikawa kwa mwenzio.

Nyumba hii imejengwaje

Usipojua mwili, hutajua maradhi. Nyingi za nyumba za mtaa huu ni za karne ya 19, wakati misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Ujiji ilipokuwa ikimalizia safari hapa. Wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, walijenga duka mbele, baraza barabarani, ghala nyuma na makazi ndani au ghorofani. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene, mara nyingi nusu mita na zaidi. Huo unene si jiwe moja. Ni ngozi mbili za mawe, ya nje na ya ndani, na katikati yake kumejazwa vipande vidogo na udongo wa chokaa. Kinachoshika vyote ni chokaa iliyochanganywa na mchanga, pengine na udongo mwekundu.

Sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko. Boriti nzuri haizidi sana mita 3, na ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kama korido: urefu unaweza kuuchagua, upana umechaguliwa na mti. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, kisha kokoto na chokaa hupondwa kwa siku nyingi hadi zishikane.

Chokaa na matumbawe vina tabia moja ambayo saruji haina: vinapokea maji na kuyatoa. Ukuta hulowa mvua ikinyesha, jua likiwaka hukauka. Tumbawe limejaa vitundu. Chokaa nayo ni tumbawe hilohilo lililochomwa kwenye tanuri, likazimwa kwa maji, kisha likarudi polepole kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa. Saruji ni ngumu na imeziba. Ukiipiga juu ya ukuta wa aina hii, maji yaliyoingia kwa juu au kwa chini hayapati mlango. Anayetaka ushahidi aende kwenye magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Kuta za msikiti na makaburi ya pale zina mamia ya miaka, hazina paa, hazijawahi kuonja saruji zilipojengwa, na bado tunazitembelea.

Lipu inavimba, inadondoka, au ukuta unatoa unga mweupe

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Anza kwa kupima urefu wa dalili, kabla ya kugusa mwiko. Chora kwa chaki mpaka wa unyevu ulipofika na uandike tarehe. Unyevu unaoanzia sakafuni na kuishia usawa wa goti au kiuno, tena umenyooka kama mstari, unapanda kutoka ardhini. Ukianzia juu karibu na dari na kuteremka kama machozi, tazama paa, gata au kichwa cha ukuta. Doa la duara katikati ya ukuta, lisiloungana na juu wala chini, mara nyingi ni bomba, bafu la ghorofani au mashine ya kiyoyozi inayodondoshea maji yake ukutani. Na unyevu ulioko kwenye ukuta mnaochangia peke yake, huku kuta zako nyingine ni kavu, unakuambia ubishe hodi kwa jirani.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama. Angalia doa siku ya mvua kubwa, kisha liangalie siku kumi za jua mfululizo. Doa linalokua baada ya mvua ni la paa au la barabara. Lisilojali mvua wala jua ni la bomba au shimo la maji machafu. Kama hujui ni bomba lipi, mwombe kila mwenye nyumba afunge koki yake usiku mmoja na asome mita kabla ya kulala na alfajiri. Mita iliyosogea huku koki za ndani zote zimefungwa imekujibu.

Ule unga mweupe ni chumvi. Chumvi ipo tele kwetu: iko kwenye upepo wa bahari, ndani ya matumbawe yenyewe, na kwenye mchanga wa ufukweni ambao baadhi ya mafundi wanautumia kwa kuwa ni wa bure. Maji huiyeyusha na kuibeba hadi kwenye uso wa ukuta. Maji yakikauka chumvi inabaki, inaganda, inatanuka ndani ya vitundu na kupasua kinachoishikilia. Kama uso ni chokaa, chumvi hutoka nje na kukaa juu, unaifagia. Kama uso ni saruji, inagandia nyuma yake, kwenye jiwe. Ndiyo maana lipu ya pili nyumbani kwetu iling'oka na nyama ya ukuta. Usiichanganye na ukungu: ukungu unanuka, una rangi ya kijani au nyeusi, na hukaa penye giza pasipopita hewa, kwa mfano nyuma ya kabati lililobanwa ukutani. Ukungu wa namna hiyo, vuta kabati nje, fungua dirisha.

Tiba ina mpangilio, na anayeuruka atairudia kazi. Kwanza, zuia maji. Pili, bandua lipu ya saruji yote iliyolegea, na zaidi ya hapo, hadi nusu mita juu ya mpaka wa unyevu. Tumia patasi na nyundo nyepesi. Mashine ya kutoboa hutikisa ukuta mzima. Tatu, acha ukuta wazi ukauke. Hapa ndipo wengi tunashindwa, kwa sababu sebule yenye ukuta uchi inatia aibu wageni wakija. Ukuta wa nusu mita haukauki kwa wiki mbili. Sisi tuliuacha kuanzia kipupwe hadi karibu na vuli, tukiufagia chumvi kwa brashi kavu kila Ijumaa na kuitupa nje ya nyumba. Usiioshe kwa maji, utairudisha ndani.

Kisha ndipo lipu ya chokaa. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga wa mto au wa shimo, uliooshwa, wenye punje za kukwaruza. Mzee wangu huongeza unga wa tofali za kuchoma kidogo ili ishike vizuri penye unyevu. Chokaa ikiwa bado ni mawe yaliyochomwa, izime kwa maji kwenye pipa ukiwa umefunika macho na mikono, maana inachemka na kuunguza, halafu iache ndani ya maji kwa majuma mengi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini kama siagi. Ya unga ya mfukoni, iloweke angalau usiku kucha. Lowesha ukuta, piga tabaka jembamba lisilozidi unene wa kidole, ngoja likaze, piga la pili. Funika kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa. Chokaa ikikaushwa na jua au upepo wa kusi kabla ya wakati, hubaki unga. Mwisho paka chokaa ya maji. Rangi ya mafuta ni mfuko wa plastiki, usiivalishe nyumba yako.

Kama unyevu unapanda kutoka ardhini, tazama barabara. Kila inapoongezwa kifusi, nyumba inabaki chini zaidi. Nimeona baraza lililokuwa la kukalia, watu miguu ikining'inia, sasa magoti yanafika kidevuni. Maji ya barabara hukimbilia msingi. Pia tazama baraza lenyewe: baraza lililovikwa saruji na marumaru linayasukuma maji ya ardhini yapande ukutani, kwa kuwa njia ya kutokea mbele imefungwa. Lifungue ulipake chokaa, na uchimbe mfereji mwembamba wa kokoto kando yake wenye mwinuko wa kupeleka maji mbali na nyumba.

Kuna ufa

Tumelelewa na methali ya kuziba ufa. Kwa nyumba hizi naomba uusome kwanza, kwa sababu ufa ni mdomo wa nyumba, na ukiuziba kabla haujamaliza kusema utabaki kukisia.

Chora mstari wa penseli unaokatiza ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, pima upana wake sehemu tatu. Rudia kila mwezi, upitie masika yote. Ufa usiosogea kwa mwaka mzima ni kovu la zamani: lisafishe, liloweshe, lijaze kwa chokaa na vipande vya matumbawe. Usimimine saruji, kwa sababu itakuwa kabari ngumu katikati ya ukuta laini, na ukuta ukitaka kusogea kidogo utapasukia pembeni yake.

Ufa ulionyooka wima kutoka juu hadi chini, hasa pale nyumba yako inapokutana na ya jirani, mara nyingi hauna madhara. Nyumba za mstari mmoja hazikujengwa siku moja. Mmoja alijenga, mwingine akaja akaegemeza ukuta wake pale bila kufunganisha mawe. Zinapumua kila moja kwa wakati wake. Ulinde tu usiingize mvua.

Ufa wa ngazi unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango ni habari nyingine. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, upande mmoja wa nyumba unazama au unaegemea nje. Tafuta kilichobadilika upande huo: shimo la choo lililochimbwa karibu na msingi, bomba lililovuja mwaka mzima likalainisha udongo, mti mkubwa uliokatwa. Au tangi. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na watu wanaliweka juu ya kona ya ukuta uliotengenezwa kubeba bati na kunguru. Literemshe, lijengee kitako chake chini uani.

Ukuta umetoa tumbo

Hapa sina maneno mengi, nina ombi: toeni watoto kwenye chumba hicho leo.

Ning'iniza timazi, yaani uzi wenye kizito chini, kutoka juu ya ukuta, pima umbali kati ya uzi na ukuta juu, katikati na chini. Ukuta unaoegemea wote unaweza kuwa umeegemea hivyo miaka mia. Uliotoka tumbo katikati maana yake zile ngozi mbili zimeachana. Maji yameingia kwa juu, yakaosha chokaa ya ndani, kifusi cha katikati kikashuka na kusukuma. Gonga kwa ngumi. Penye utupu utasikia. Hatua ya kwanza ni kuegemeza kwa magogo kutoka nje na kufunika kichwa cha ukuta mvua isiingie tena. Usibandue lipu wala kuziba nyufa kabla ya kuegemeza, maana pengine lipu ndiyo inayoshika. Baada ya hapo ni kazi ya fundi wa mawe aliyewahi kuifanya, kufungua kidogo kidogo na kufunga ngozi mbili kwa mawe marefu yanayopita unene wote. Fundi anayependekeza kuuzungushia ukuta wote zege na nondo, mshukuru kwa muda wake.

Sakafu ya juu inatikisika au dari linadondosha vumbi

Vumbi jembamba kama unga wa muhogo chini ya boriti ni wadudu wa mbao. Njia za udongo zinazopanda ukutani ni mchwa. Wengi wao hupenda penye unyevu, kwa hiyo tunarudi kulekule.

Boriti ya mkoko ni ngumu na inavumilia, ila ina sehemu moja dhaifu: kichwa chake kilichozama ukutani. Katikati ya chumba inaonekana nzima, inalia vizuri ukiigonga, kumbe ndani ya ukuta imebaki nyuzi. Chukua bisibisi nyembamba, ichome pale boriti inapoingia ukutani, kila boriti, pande zote mbili. Inapozama bila kubishana, weka alama ya chaki. Boriti moja iliyooza kati ya ishirini si msiba. Tatu zinazofuatana ni sababu ya kusimamisha nguzo za muda siku hiyohiyo, zikikalia ubao mrefu chini ili uzito usitoboe sakafu.

Tiba ya upole ni kuweka mhimili wa mbao ngumu sambamba na ukuta, ukikalia vishikizi vya mawe vilivyopachikwa ukutani, ili vichwa vya boriti vikaliwe na mhimili huo badala ya ukuta. Ukilazimika kuingiza boriti mpya, kumbuka mikoko ni misitu ya hifadhi na haikatwi bila kibali. Na usifungie kichwa cha boriti mpya kwa saruji. Kipe nafasi ya hewa, kijazwe chokaa iliyolegea.

Sasa hesabu ambayo ningependa kila mwenye nyumba aifanye kabla ya kukubali pendekezo la "kuimarisha" sakafu kwa zege. Zege ya unene wa sentimita 5 ina uzito wa kama kilo 120 kwa kila mita mraba. Chumba cha mita 3 kwa 6 kina mita mraba 18. Hiyo ni zaidi ya kilo 2,000 umeziongeza juu ya boriti ambazo tayari zimebeba mawe na chokaa tangu enzi za mababu. Ukiweka na marumaru na bafu juu yake, umeongeza uzito na maji kwa pamoja. Bafu la ghorofani ndilo adui mkubwa wa nyumba hizi kwa sasa. Kama ni lazima liwepo, liwe upande wa uani kwenye jengo lake lenyewe, mabomba yakionekana kwa macho ili yakivuja ujue asubuhi hiyohiyo.

Nyumba ya pili imeanguka, sasa yangu inalowa

Hili linaniuma kuliko mengine, kwa sababu nimeliona likitembea mtaani kama ugonjwa wa kuambukiza. Nyumba moja inakosa warithi wanaoelewana. Bati linaliwa na kutu ya chumvi, boriti zinaoza, mvua moja nzito inashusha sakafu. Baada ya hapo ukuta uliokuwa wa ndani, mkavu, kati ya familia mbili, unageuka kuwa ukuta wa nje. Hauna lipu ya kuhimili mvua. Una matundu ya boriti yaliyobaki wazi, kila moja likiwa kikombe cha kukinga maji. Chini kumelala kifusi kilichorundikwa hadi usawa wa dirisha, kinashika unyevu mwaka mzima. Na ukuta wa barabarani uliokuwa ukiegemezwa pande mbili sasa una bega moja.

Ukipatwa na hili usingoje kesi ya mirathi iishe. Zungumza na wenye gofu, hata mmoja wao, uombe ruhusa ya kulinda ukuta mnaochangia. Anza na kichwa cha ukuta: kijengee mgongo wa chokaa wenye mteremko ili maji yasisimame. Ziba matundu ya boriti kwa mawe na chokaa. Piga lipu ya chokaa upande ule ulio wazi. Sogeza kifusi kisiguse ukuta, walau mita moja, na uyaelekeze maji barabarani. Mawe ya matumbawe yaliyoanguka yapangeni vizuri, msiyauze wala kujazia barabara: ndiyo yatakayojengea tena, na leo tumbawe halivunjwi baharini.

Nilipokwenda kwa mara ya kwanza kuomba ruhusa kama hiyo, bibi aliyenipokea aliniuliza, "Mwanangu, mnataka kututoa kwenye kiwanja?" Nikaelewa kwamba nimeanza vibaya. Nilikuwa nimekwenda na fundi na futi kamba mkononi. Siku ya pili nilikwenda na mama yangu, tukakaa barazani, tukazungumza habari za wagonjwa na harusi, na suala la ukuta likaja lenyewe. Andikianeni makubaliano mbele ya mwenyekiti wa mtaa: ni matengenezo, hayagusi umiliki.

Mti umeota ukutani

Ndege hula tunda la mkuyu, anatua juu ya ukuta wako, na mbegu inaota kwenye ufa wa chokaa. Mche wa urefu wa kiganja ung'oe leo kwa mkono, na ufa uuzibe. Wenye shina nene kama mkono usiuvute: mizizi yake imeshakuwa nondo za ukuta, ukiing'oa unaushusha. Ukate usawa wa ukuta, toboa kisiki, tia dawa ya kuua magugu kwa uangalifu, uache mizizi ife na kukauka ndani, kisha ujaze nafasi zake kwa chokaa. Utachipua tena mara moja au mbili. Rudia.

Mlango wa kuchonga umekaza

Kama unakaza masika na kulegea kiangazi, ni mbao zinavimba, subiri. Kama umekaza na haulegei, usipige randa. Tazama juu ya kizingiti: ukiona ufa, ukuta umeshuka ukaikalia miimo, na kazi iko ukutani. Miimo huoza chini, inapogusa baraza lililosakafiwa saruji. Fundi seremala anaweza kupachika kipande kipya hapo bila kugusa nakshi. Vanishi nzito hubabuka kwa jua la pwani na kufungia unyevu, kwa hiyo iache.

Na kuna watu wanapita wakiulizia milango kwa bei inayovutia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Si bidhaa ya kuuzwa barabarani.

Kibali

Sheria hiyohiyo inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na Mji Mkongwe wetu ni eneo la urithi. Kwa hiyo kabla ya kubomoa, kuongeza ghorofa, kubadili madirisha au kuinua paa, nenda ofisi ya Mambo ya Kale na halmashauri. Nenda na picha, michoro ya mkono inatosha kuanzia, na orodha ya vifaa utakavyotumia. Mimi mwanzoni niliiogopa ofisi, nikidhani watanikataza kila kitu. Kilichonisaidia ni kupeleka yale maandishi ya chaki na penseli: tarehe, vipimo, maji yalipoonekana. Mtu anayekuja na miezi sita ya vipimo anasikilizwa tofauti na anayekuja na tripu ya saruji imeshamwagwa barazani. Kazi za usafi, kuzibua gata, kung'oa miche na kupaka chokaa zisicheleweshwe kwa hofu ya karatasi.

Lile gata letu linasafishwa mara mbili kwa mwaka: Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili kabla ya masika, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa kabla ya vuli. Jirani anatoa ngazi, sisi tunatoa ndoo na fagio. Mwaka huu mwezi wa pili tulitoa viota vitatu.